Herufi Zilizobaki Muheza

Ukurasa wa tatu ulitoka na visanduku. Mstari baada ya mstari, visanduku vitupu vyenye ukingo mweusi, vimejipanga mahali pa sura ya Yasin. Kurasa mbili za mwanzo, zilizokuwa za Kiswahili, zilisomeka bila taabu: Hitima ya Marehemu Bi Mwanasiti, Mabawa, baada ya sala ya Alasiri. Zuwena, mwenye duka, aliigeuza karatasi, akaigeuza tena, kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

"Fonti haipo," alisema.

Masoud, mtoto wa marehemu, alikuwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. "Haipo imekwenda wapi?"

"Imebaki Muheza."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Mimi nilikuwa nimeingia kutoa kopi za karatasi zangu mbili kabla ya kwenda Pangani, na foleni ilikuwa ya watu wawili tu, kwa hiyo nilikaa. Visanduku vile nilikuwa nikivifahamu. Nimewahi kupewa hati iliyojaa visanduku hivyo Maskati, na nyingine katika mji wa Kochi, na kote huko aliyeleta faili alikuwa akisema neno lilelile ambalo sasa nililisikia kwenye simu ya Zuwena, kwa sauti ya Ustadhi Tahiri wa Muheza.

"Kwangu ipo sawa, dada."

"Kwako ipo sawa kwa sababu herufi ziko kwako," Zuwena alimwambia. "Umenitumia jina la herufi, hukunitumia herufi zenyewe."

"Mbona mimi naziona?"

Tahiri ni mpwa wa marehemu, mwalimu wa madrasa, na ndiye aliyekipanga kijitabu chote kwenye laptopu yake: maelezo ya Kiswahili, Yasin yenye kurasa sita, kisha dua. Masoud alitaka kitu cha kisasa, chenye maandishi yale mazuri ya msahafu mpya. Nakala sitini. Wageni walikuwa njiani kutoka Muheza na Pangani.

Zuwena alikuwa na sababu yake ya kutaka kazi hii itoke safi. Ana miaka arobaini na sita, na akiwa na miaka sita alipelekwa chuoni kusoma Kurani kwa Bi Mwanasiti, nyumba ya tatu kutoka hapo dukani. Nusu ya Mabawa imesomeshwa kwenye mkeka wake. Bi Mwanasiti hakuwa akipiga watoto. Mtu akikosea irabu alikuwa akigonga meza mara moja kwa kidole, basi, na mtoto anarudi mwanzo wa aya. Zuwena aliniambia kwamba hadi leo mtu akigonga meza ya duka lake kidogo tu, huwa anarudia kusoma alichokuwa anasoma.

Baadaye alifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya shamba la mkonge, kwa mashine ya vyuma. Anaisifu mashine ile kuliko watu wengi anaowafahamu. Ukibonyeza herufi, herufi ilikuwepo mle ndani, ina uzito, inaugonga utepe, inaonekana. Shamba lilipopunguza watu akanunua kompyuta moja, kisha mashine kubwa ya fotokopi, na steshenari yake sasa inachapa mitihani ya majaribio, kadi za harusi, barua za maombi ya kazi na fomu za mirathi.

Tahiri alituma fonti. Faili lilikuwa dogo mno, na lilipofunguliwa halikuwa na kitu.

"Ustadhi, hii ni njia ya mkato. Umenitumia kibao cha mlangoni, nyumba umebaki nayo."

"Sasa nyumba iko wapi?"

Alimwelekeza kwa nusu saa. Fungua hapa. Sio hapo. Bonyeza kulia. Kulia kwa kipanya, Ustadhi, sio mkono wako wa kulia. Masoud alikuwa akitoka nje na kurudi, kila akirudi anauliza "Bado?" na kila akiuliza Zuwena anaiangalia mashine badala ya kumwangalia yeye. Karatasi saba za majaribio zilikuwa zimekwisha kutoka, nyingine zina visanduku, nyingine zina maneno mawili matatu ya Kiarabu yaliyobahatika kupita. Zile zenye maneno hakuzitupa. Alizilaza ndani ya katoni safi juu ya kabati.

Saa sita kasoro faili la kweli likafika. Zuwena alilipakia, akafungua kijitabu, na skrini ikajaa maandishi mazuri kweli. Masoud aliinama kutazama.

"Umeona? Kumbe rahisi."

Zuwena hakumjali. Aliusoma ukurasa wa kwanza wa Yasin kwa kidole, neno kwa neno, akaona umekaa sawa. Akachapa nakala sitini na moja, akakunja, akabana pini. Masoud alifunga sitini nyuma ya pikipiki, akaondoka. Ile moja ya ziada Zuwena aliiweka mezani, na alipopata nafasi ya kunywa chai akaanza kuisoma kwa mazoea.

Alipofika ukurasa wa pili wa sura, alisimama. Akarudi mwanzo wa mstari. Akasimama palepale.

"Haya maneno nimeshayasoma," alisema, sijui alikuwa akimwambia nani.

Kila neno lilikuwa neno halali, limeandikwa vizuri, lina irabu zake. Lakini yalikuwa maneno ya ukurasa wa kwanza, yamechanganywa, hili kabla ya lile, mstari unaanza na mwisho wa aya na kumalizia katikati ya nyingine. Kurasa tano zote zilikuwa hivyo. Mtu asiyejua kusoma angezibusu.

Alimpigia fundi Yona, Msambaa wa Lushoto anayehudumia mashine za fotokopi mjini.

"Zima, washa," alisema Yona.

"Yona, usinifanyie hivyo leo."

Alimweleza, na Yona akacheka kidogo, cheko la mtu aliyewahi kuumia mahali hapohapo. Kazi kama hiyo alishaiona Pangani. Kuna aina ya maandishi ya msahafu, alisema, ambayo kila ukurasa una fonti yake peke yake. Namba ya neno ni ileile, lakini kila fonti ina maneno tofauti kwenye namba hiyo. "Amekutumia moja, dada. Sura ina kurasa sita, unamdai fonti tano. Hizo ulizochapa tupa tu."

"Hazitupwi hizo."

"Si zimekosewa?"

"Zimekosewa, lakini maneno ni ya Kurani, hazitupwi. Nyinyi Walutheri mna bahati."

"Sisi nasi tuna ya kwetu," alisema Yona.

Zuwena alimrudia Tahiri. Simu ilijaa mngurumo wa injini. Tahiri alikuwa ameshapanda basi, laptopu ameifungia nyumbani, ufunguo anao mfukoni. "Lakini kwangu ilikuwa sawa," alisema, na Zuwena akakata simu bila kuaga, jambo ambalo aliniomba radhi mimi kwa kulifanya. Alijaribu kuzitafuta fonti mtandaoni. Zilikuja kwa furushi la mamia, likapakuliwa hadi karibu nusu, likaganda. Akaanza upya, likaganda mapema zaidi.

Saa saba na nusu Masoud aliitwa arudi na vijitabu. Alikuja navyo hamsini na sita, uso umekunjamana.

"Vinne wamechukua mashangazi. Dada Zuwena, watu wanaijua Yasin kwa moyo. Nani atatazama karatasi?"

"Mama yako angetazama."

Masoud aliviweka vijitabu mezani. Kisha, kwa hasira ya mtu aliyeshindwa, akauliza, "Hivi enzi za mashine zenu za mkonge, Kiarabu mlikuwa mnakichapaje?"

"Hatukuwa tunakichapa. Tulikuwa tunaacha nafasi, tunakata, tunabandika."

Alipomaliza kusema hivyo alitazama juu ya rafu. Kulikuwa na msahafu pale, umefungwa kwa kitambaa cha kijani, hatua mbili kutoka kwenye mashine ambayo ilikuwa imemtesa tangu asubuhi. Mashine ya fotokopi haiulizi fonti. Inapiga picha ya chochote inachowekewa.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Hata hapo hakuweza kuushika. Mikono ilikuwa na wino hadi viwikoni na udhu hakuwa nao. Alikwenda uani kujisugua kwa sabuni ya kufulia na kutawadha, na Masoud akabaki anaitazama saa ya ukutani huku akimwambia ndugu yake kwenye simu kwamba bado, kuna tatizo la herufi, ndiyo, herufi, hapana, sio wino, herufi. Zuwena alirudi akidondosha maji, akaushusha msahafu kwa mikono miwili, akafungua Yasin, akaulaza juu ya kioo. Kurasa sita zilitoka. Akachapa nakala moja ya kijitabu yenye nafasi tupu mahali pa sura, akazikata zile sita kwa mkasi, akazibandika kwa gundi katika nafasi hizo, akakosea ukurasa mmoja, akaubandua, akatukana gundi, akaomba msamaha, akabandika tena. Kisha akachukua kalamu akasoma zote sita tangu mwanzo hadi mwisho kwa sauti ya chini, bila kuruka hata mstari, wakati Masoud anasema "Basi, dada, basi."

"Bado."

Alipomaliza ilikuwa saa tisa na robo, akaanza kutoa kopi. Safari ya Pangani nilikuwa nimeshaiahirisha, nikaenda uani nami kutawadha, nikapewa kazi ya kukunja. Masoud alibana pini. Kingo za karatasi zilizobandikwa zilikuwa zimetoka kama mistari hafifu ya kijivu kuzunguka kila ukurasa, na Masoud alizigusa kwa kidole cha gumba, akasema kisasa chake kimeishia hapo. Adhana ilipoanza tulikuwa na nakala arobaini na tatu, na mashine ikaomba karatasi. Zuwena akaizima. Wengine wangesoma wawili wawili.

Tahiri aliingia wakati huohuo, kanzu nyeupe, vumbi la barabara kwenye viatu. Alitoa salamu, akaokota nakala moja, akafungua katikati, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango. Alisoma mistari kadhaa, akatabasamu.

"Umeona sasa? Si nilikwambia ipo sawa. Fonti imetoka vizuri sana."

Zuwena alikuwa bado ameshika mkasi. Aliuweka mezani kwanza.

"Beba hizo upande wa wanaume, Ustadhi," alisema. "Na wakikuuliza nani kaandika, sema hujui."