Hadithi Iliyouzwa kwa Korosho

Nilishuka Changamwe na begi moja. Ilikuwa mwaka wa 1947. Charo, mwenyeji wangu, alikuwa zamu bandarini hadi jioni, basi nikatembea nyuma ya landhi, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa reli, nikitafuta kivuli. Huko nikasikia sauti ya mwanamke.

"Mepo amefika njia panda. Mkononi ana ndururu moja. Kushoto wanauza mihogo, kulia wanauza ushanga. Nani analipa?"

Watoto saba walikuwa mkekani. Mmoja akatoa korosho mbichi, bado ina ganda, akaitia kikapuni. Ndipo Mepo alipoendelea kutembea.

Mwanamke huyo alikuwa Rosalia, mzaliwa wa Rabai. Alipoolewa na Gershom, fundi wa reli, alikabidhiwa mshahara wa mwezi mzima, naye alikuwa hajawahi kushika zaidi ya shilingi moja. Siku ya nne ulikuwa umekwisha. Mwezi uliobaki walikula mihogo, na mumewe hakusema neno.

"Angenigombeza ningesahau," aliniambia.

Ndiyo maana kila Jumatatu aliwapa watoto wa jirani korosho tano kila mmoja. Korosho moja ilinunua hatua moja ya hadithi; za kuokota hakuzipokea. Aliyeweka kumi alizibadilisha kwa ndururu ya kweli, senti tano yenye tundu, ya kuvaa shingoni. Korosho zikiisha Jumanne, Mepo alibaki alipo. Wiki moja alilala siku tano juu ya jani la mgomba, na watoto wakawa wanapita migombani kwa kunyata. Usiku wa tatu kwa Charo nami nilimwota, mdogo kama kidole, akipumua.

Kisha Gershom akahamishiwa Voi. Jumamosi, siku ya kuondoka, Mepo alikuwa katikati ya mto ambao maji yake yamelala, na nyumba ya mama yake yaonekana ng'ambo. Kufika ni korosho tatu. Watoto hawakuwa nazo. Boga, mmoja wao, alikuwa amechoma na kula zake bila kungoja mafuta makali ya ganda yaishe, na midomo yake ilikuwa imevimba.

"Mama Rosalia, tumalizie bure," alisema. "Si unakwenda zako?"

"Mwisho wa hadithi umeutafuna wewe, mwanangu."

Wenzake walicheka. Boga naye alicheka, taratibu, kwa maumivu.

Rosalia aligeuka akajifanya anafunga mzigo. "Nikiwapa bure leo," aliniambia kwa sauti ya chini, "mwaka mzima nimefunza nini?"

Mwenye korosho alikuwa Nyamvula peke yake. Alikuwa nazo kumi kamili, na ndururu yake ilikwisha tungwa kwenye uzi.

"Nyamvula."

"Abee."

"Zako ni zako. Ukitoa tatu, ndururu hii naondoka nayo. Usiogope macho ya watu."

Msichana aliitazama sarafu. Akawatazama wenzake. Akahesabu tatu, akasogea.

"Niambie sikioni. Mimi tu."

Hapo Rosalia alisita. Gershom, aliyekuwa akingoja njiani, akaita mara ya pili. Mwishowe alipokea zile tatu, akainama, akanong'ona kwa muda. Nyamvula alisikiliza amefumba macho. Mahali fulani alitabasamu.

Rosalia alijitwika mzigo. "Sikumfunza hivyo," aliniambia. Akafikiri. "Au ndivyo nilivyomfunza?"

Akamfuata mumewe stesheni, uzi wa ndururu ukining'inia kiganjani mwake.

Watoto walimzunguka Nyamvula.

"Unauza kwa ngapi?" Boga aliuliza.

"Korosho moja kila mtu. Na ichomwe vizuri, si kama zako."

"Na mgeni?" nikauliza.

Alinipima kwa macho, toka viatu hadi kofia. "Mgeni mbili. Mkorosho uko nyuma ya kanisa."

Walitimua mbio. Gari la moshi la Voi lilipopiga king'ora nilikuwa nimepiga magoti majanini, nimepata moja.