Jiki ya Saa Moja na Nusu

Nikisikia harufu ya jiki hasira zinanipanda, hata kama niko kwenye choo cha ofisini kilichosafishwa vizuri na mtu asiye na kosa lolote. Mwenye kosa ni bwawa la kuogelea la baba yangu kule Kibamba, mtaa ambao maji ya bomba hutoka kwa kuviziwa na majirani hupanga ndoo tangu alfajiri. Sie tuna bwawa. Lilipigwa vigae vya bluu, likajazwa kwa maboza ya maji, likazungushiwa ukuta ili watu wasilione, na hakuna asiyelijua.

Baba alilijenga alipostaafu ukarani bandarini. Watu huniuliza ni nani aliyemtia wazo la kipuuzi kama lile mzee wa watu, Mpare aliyejifunza kutunza maji kabla hajajifunza kusoma. Huwa nabadilisha mada.

Mashine ya kuchuja maji ilikufa mwaka wa kwanza. Dawa ya mabwawa inayouzwa madukani baba aliiona wizi mtupu, akahamia kwenye jiki, hiyohiyo ya kufulia mashati meupe, ambayo mwanamke mmoja wa mtaani anaitengeneza uani kwake na kuiuza kwa madumu. "Klorini ni klorini," alisema baba, na hapo hakukosea sana. Ila goti lake halimruhusu kuinama. Kwa hiyo bwawa likawa la baba, na jiki ikawa ya mama.

Kila siku ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, saa ambayo baba alikuwa akiingia kazini miaka yake yote. Baba anasimama kivulini na fimbo. Mama anainama ukingoni na dumu, anamimina huku anarudi kinyumenyume, upepo unampiga usoni.

"Zungusha. Usimwage sehemu moja."

"Nazungusha, mzee."

Akimaliza, baba anachota maji kwa kopo, ananusa. Yakinuka, ameridhika, anakwenda kunywa chai. Jioni maji yanaanza kuwa kijani, basi kesho yake mama anaongeza dumu.

Baba akizungumzia gharama za bwawa alikuwa anataja maboza. Mie gharama nilikuwa naiona kwenye nguo za mama. Kwanza vitenge vya kushindia, vikaota madoa meupe. Kisha kanga zake, maneno yamefutika nusu, huwezi kujua zilikuwa zinamsema nani. Kisha sare ya kwaya, ile ya zambarau, aliyoivaa asubuhi moja kwa sababu alikuwa anawahi ibada na baba hakutaka dumu lisubiri. Jiki ikamrukia kifuani. Alishona ua la kitambaa juu ya doa, akasema limependeza zaidi. Kisha ngozi ya vidole ikaanza kubanduka. Halafu kikaja kikohozi. Mama alikuwa mwimbaji wa sauti ya kwanza tangu kabla sijazaliwa, na katika maisha yake yote hicho ndicho kitu pekee alichowahi kujisifia.

Nilimleta pale nyumbani fundi anayehudumia mabwawa ya hoteli. Alitazama, akacheka.

"Sista, nyie mnalilisha jua. Mkimwaga asubuhi, mpaka saa nane jua limeshakula yote. Mwageni jua likizama, mtatumia nusu. Na bimkubwa asikae upepo unakoelekea, ataumia kifua."

Miaka yote hiyo. Kifua cha mama kilikuwa kinaliwa ili jua lishibe, kwa sababu tu ofisi za bandarini zilifunguliwa saa moja na nusu. Nikaenda barazani kumweleza baba, kwa adabu zote.

"Kazi huanza asubuhi, mwanangu," alinijibu. "Jioni ni kupumzika."

"Lakini mama anakohoa, baba."

"Anakohoa vumbi. Barabara yote hii inachimbwa."

Samaki mkunje angali mbichi, na baba yangu alishakauka zamani. Niliondoka bila kuaga, jambo ambalo kwetu ni sawa na kutukana.

Jumapili moja nilikwenda kusali nao. Wimbo ulipofika pale sauti ya kwanza inapopanda peke yake, mama alifungua mdomo, kikatoka kikohozi. Akajaribu tena. Mwalimu wa kwaya akaangalia pembeni kwa heshima. Mama akatoka mstarini, akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni na daftari lake la nyimbo, akawa anachezesha midomo wenzake wakiimba. Nililia pale kanisani, na mtu asidhani ni kwa huruma. Nilikuwa nataka kuvunja kitu.

Kutoka ibadani nilinyoosha kwa jirani mwenye bustani, nikaazima mashine yake ya kuvutia maji. Nikatumbukiza mpira bwawani, nikaiwasha, maji yakaanza kwenda mtaroni. Baba akatoka na kiti chake, akakaa ukingoni.

"Unayamwaga?"

"Nayamwaga, baba."

Nilimsubiri afoke ili na mimi nifoke. Maneno nilikuwa nayo, nimeyapanga wiki nzima. Hakufoka. Alitazama ngazi ya kwanza ikitokeza, kisha ya pili.

"Sasa mtakuwa mnakuja kufanya nini?"

Mwaka aliostaafu, baba alinipigia simu kuuliza mbona hatuendi Kibamba, wajukuu hawamjui. Nilikuwa kwenye foleni, nina haraka zangu, nikamjibu kwa utani: "Jenga swimingi, baba, utaona tutakavyojaa." Nilicheka, yeye hakucheka. Mafao yake yote yaliingia kwenye lile shimo. Na kweli tulijaa, mimi na ndugu zangu na watoto wetu: Krismasi moja, Pasaka moja, na siku nyingine moja ambayo hata siikumbuki vizuri. Mara tatu.

Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, bado ana sare yake yenye ua.

"Na wewe ulikuwa unajua," nilimwambia. "Unajua jiki inakuumiza, unamwaga tu."

"Maji yangekuwa kijani mngepata sababu ya kutokuja."

Niliinama kushika mpira, ingawa haukuwa umeteleza.

"Mwache amalize, mzee," mama alimwambia baba, kwa ile sauti iliyobaki. "Watakuja msibani."

Kisha akarudi jikoni kunipakulia chakula.