Sabuni kwenye Kifuniko cha Tangi

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, inanukia petroli na sabuni ya kufulia. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, shule nimeiacha darasa la tatu, miguu yangu haijui kutulia. Nilikwisha kata mkonge, nilikwisha beba magunia bandarini, nilikwisha paka chokaa nyumba za Wazungu, na popote nilipokuta chombo kimefunguliwa, nilichungulia ndani. Gari nalo nilijifunza hivyo hivyo, kwa kuchungulia. Mwisho Mzee Nasoro, Mwarabu mwenye duka la vyakula pale Temeke, akanipa lake niliendeshe.

Lilikuwa gari kuukuu hata kwa wakati ule wa Mwingereza. Liliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele, na lilinguruma kama watu watatu wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Usicheke. Mie mpaka leo sijaona ajabu kama ile. Nyuma unatia maji yanayonuka, mbele inaruka cheche ndogo kuliko ya kiberiti, na lichuma lile zito linaondoka na watu na magunia yao. Siku nyingine nilifungua boneti bila ugonjwa wowote, nikasimama kutazama tu, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyelala.

Sasa sikiliza kosa langu. Kifuniko cha tangi kilikuwa na kitundu juu, chembamba kama tundu la sindano. Barabara zetu zilikuwa mashimo matupu, na kila tukirushwa petroli ilichuruzika pale. Mzee Nasoro akalalamika kwamba sukari yake tunayoipakia garini inanuka. Nikaikanda sabuni, nikakiziba kile kitundu, na chini ya kifuniko nikaweka duara la mpira wa baiskeli. Harufu ikakoma. Mzee akanisifu mbele ya wateja, "Huyu kijana ana kichwa!" Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mie nililitia sabuni.

Siku iliyofuata, baada tu ya adhuhuri, akaja dukani Selemani, kuli wa bandari pale Kurasini, mtu mwenye mabega mapana kama mlango. Baba yake amefariki Chamazi, habari zimemkuta kazini, na maziko ni baada ya sala ya alasiri.

"Nataka nimwone uso kabla hawajamfunika," alisema. "Uso tu, Mzee."

Mzee Nasoro hakuuliza zaidi. Akanigeukia. "Mpeleke. Usirudi hapa bila kumfikisha."

Mtoni tulipita salama. Tulipoanza kupanda kuelekea Mbagala, gari likakohoa, likakohoa tena, likazima. Nikashuka kama daktari. Nikazitoa plagi, nikaziegemeza kwenye chuma, nikamwambia Selemani azungushe hendeli. Cheche zikaruka, za bluu, safi kabisa. Hata hivyo nikasugua, nikakaza nyaya, nikasugua tena. Nilipokuja kupiga hendeli, likawaka.

"Umeona?" nikasema. "Zilikuwa plagi."

Selemani alinishika mkono kwa shukrani, na mie nikaipokea. Kumbe, mwanangu, halikuponywa na mkono wangu. Liliponywa na kule kusimama tu, lakini hilo sikulijua.

Hatukufika mbali. Tulipoingia Mbagala likazima tena, mbele ya kibanda cha Bi Mwanahawa, mama mtu mzima aliyeuza mafuta ya nazi na ya taa kwa kupima. Nikaiinamia boneti bila kumtazama mtu.

"Wee dereva," akaniita. "Kwenu hamuamkiani?"

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gari limekufa au limesusa?"

"Lina ugonjwa wa moto, bibi."

"Moto wenyewe umeuona?"

"Nimeuona."

"Sasa kama upo, unautafutia nini?"

Wateja wake wakaangua kicheko. Selemani hakucheka. Alikuwa amechomeka kijiti mchangani, amechuchumaa, anakitazama kivuli chake. Kivuli kikilingana na kijiti, alasiri imeingia.

Nikahamia kwenye kabureta, kile kikombe cha chuma kinachopokea petroli kutoka tangini. Nikalegeza skrubu ya chini. Petroli ikadondoka matone machache, ikakoma. Nikavipuliza vitundu vyake kwa mdomo. Nikapiga hendeli. Likawaka, likakohoa, likazima.

"Tangi lina mafuta?" bibi akauliza.

"Nusu nzima."

"Na hayashuki?"

"Hayashuki."

"Sasa hilo debe lako umelitoboa matundu mangapi?"

Hapo uvumilivu ukanishinda. "Bibi, hili ni gari la Ulaya, si debe la mafuta ya nazi. Wewe uza mafuta yako."

Alinitazama bila hasira. "Haya, baba. Endelea." Akarudi kwenye vipimo vyake.

Na mie nikaendelea, nikifungua nilichokwisha kukifunga. Kivuli kilipobakisha vidole viwili, Selemani alisimama, akavua viatu, akavishika mkononi.

"Naenda kwa miguu," alisema. "Nisipomwahi, basi iwe nipo njiani naenda kwake."

Akaondoka. Maneno yale yalinikata maini. Nikamwendea Bi Mwanahawa, mikono imeniloa petroli. "Bibi, nisamehe. Lile swali la matundu, uliliuliza kwa nini?"

Hakunijibu kwa mdomo. Alivuta debe jipya, akachukua msumari na jiwe, akatoboa tundu moja kwenye pembe. Akaliinamisha. Mafuta yakatoka kwa kwikwi, yakasita. "Yamo tele," alisema, "ila hayatoki." Akatoboa tundu la pili, pembe ya pili. Mafuta yakashuka kama uzi, kimya, bila kukatika.

"Mafuta hayatoki mpaka upepo uingie mahali pake. Kila muuza mafuta analijua hilo, hata huyu mjukuu wangu. Tangi lako lina mlango wa upepo?"

Nilikimbia. Nilipokizungusha kile kifuniko, tangi likavuta pumzi. Shiiii, ndefu, kama ya mtu aliyezamishwa na sasa ameibuka. Nywele zilinisimama. Bati lile lilikuwa linakabwa roho kwa mkono wangu mwenyewe! Na huu upepo tunaoupita kila siku tukiuita si kitu, kumbe ndio uliokuwa ukiyaruhusu mafuta siku zote. Ndiyo maana kila tuliposimama liliwaka tena: upepo ulipenya kidogo kidogo, mafuta yakashuka kidogo. Cheche nilizistaajabia kwa kuwa niliziona. Upepo sikuwahi kuustaajabia, kwa kuwa sikuuona. Nilibaki nimesimama na kifuniko mkononi, naogopa kidogo, kama mtu aliyepayuka msikitini.

Nikakwangua sabuni kwa msumari wa bibi, nikautupa ule mpira. Hendeli moja tu, likawaka, na siku ile halikuzima tena.

Selemani nilimkuta mbali, anakimbia peku. Tulipofika Chamazi nyumba ilikuwa na wanawake tu. Tukakimbilia makaburini. Marehemu alikwisha kulazwa, mbao zimekwisha kupangwa juu yake. Uso hakuuona. Aliuwahi udongo. Alitia kwa mikono, kisha akaomba jembe, akafukia mpaka kaburi likainuka.

Nilimngoja kando nikitegemea matusi. Alipotoka alinishika bega. "Nimemzika kwa mkono wangu," alisema. "Wengine hata hilo hawalipati." Afadhali angenitukana.

Jioni nilimweleza Mzee Nasoro yote, sabuni na jeuri pamoja. Akasema, "Basi sukari inuke."

Mwanangu, chombo kikikugomea, kabla hujaenda mbali, anza na kile ulichokigusa mwisho wewe mwenyewe, hasa kama ulisifiwa kwacho. Kitu kikipona, usikimbilie kusema umekiponya, jiulize kimeponaje. Na mtu akikuuliza swali linaloonekana dogo, acha spana, msikilize. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na nyingine zimefunikwa na kanga ya muuza mafuta. Ule muda nilioutumia kumdharau bibi yule ndio uliokuwa uso wa baba yake Selemani.

Mungu akufungulie vitundu ulivyoviziba bila kujua, akupe pumzi isiyokatika, na kila usafiripo kwenda kwa uwapendao, akufikishe nyuso zao zikiwa bado hazijafunikwa. Amina.