Gugu Shingoni mwa Ng'ombe wa Mahari

Chekeni tu, nimeshazoea, maana siku ile hata ng'ombe walinishangaa.

Nilikuwa napeleka mahari Igalula, ng'ombe sita, mimi na mshenga wangu mzee Masanja, na kwa desturi mchumba mwanamume hana kazi pale zaidi ya kuinamisha kichwa na kunyamaza (kazi rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyonishinda). Tulipokaribia nikaona ng'ombe wamejaa vumbi, hawapendezi, na kando ya barabara kumetapakaa vimaua vyeupe vidogovidogo, basi mimi fundi simu wa Tabora mjini nikavipiga picha, simu ikaniletea shada la bibi harusi wa Ulaya lenye maua kama yale yale, nikajiona nimepata. Nikasuka mataji sita, nikawavika.

"Unayajua haya maua?" mzee Masanja akauliza.

"Ya harusi haya, mzee."

Tukapokelewa kwa vigelegele. Wazee wanakagua ng'ombe, mshenga anamwaga maneno, ng'ombe nao wameanza kutafuniana mataji, mara shangazi wa mchumba wangu, mfugaji kutoka kijiji cha Choma, akapiga ukelele: "Gugu karoti hilo! Lilituulia ndama! Nani kalileta?"

Mzee Masanja akatazama viatu vyake.

"Ni mimi, shangazi," nikasema, nikavua koti nikakimbilia ng'ombe, huyu namvua taji, yule namchomoa majani mdomoni, suruali ikapasuka nyuma mbele ya wakwe (ndiyo, nyuma), mikono inawasha kama nimeshika upupu, nikateleza kwenye kinyesi na kutua miguuni pa baba mkwe. Pale nilijua mke nimemkosa.

Shangazi akayakusanya yale majani yote, akaleta maji na sabuni, akaninawisha mwenyewe, kisha akawageukia wazee: "Angeweza kunyamaza, na desturi ingemficha. Kasema. Mimi nampokea."

Hakuna ng'ombe aliyekufa, na mke nilimpata. Namshukuru sana mama yule, kwa ukelele wake na kwa maji yake, na sijui kama nimewahi kumwambia ipasavyo. Harusi ilipambwa kwa maua ya karatasi, mke wangu alisisitiza. Nami niliapa kutochuma kitu barabarani bila kumpigia shangazi kwanza, na juzi nilimpigia kweli, nikamweleza ua jingine nililolikuta.

"Mwanangu," akasema, "hiyo ni alizeti."