Dumu la Maji na Salamu Moja

Goti langu la kulia liligoma, na kwa miaka miwili sasa naswali juu ya kiti kama mgeni rasmi. Namshukuru Mungu kwa kiti. Lakini nilitamani kusujudu tena, paji la uso liguse mkeka, ndiyo maana nilikubali mke wangu aliponituma kwenye chemchemi inayosifiwa kuponya, bondeni chini ya Mlalo.

Nilikuta watu wengi. Kila mmoja alinieleza kwamba amemsindikiza mwenzake. Mgonjwa mwenyewe sikumwona. Mimi nilisema nimepita kutazama mandhari, dumu la lita tano likiwa mkononi.

Bibi anayeitunza chemchemi alinipa sharti: ukishachota, usiseme na mtu mpaka ufike kwako. Ukijibu neno moja tu, yamekuwa maji ya kawaida.

Sharti hilo lilitungwa na mtu asiyewajua Washambaa. Njia nzima vijana waliniamkia shikamoo, nami nikainua kidole. Mmoja alidhani naomba dua, akaitikia amina. Kina mama waliokuwa wakipalilia kabichi wakaulizana kama nimeng'olewa jino. Maisha yangu yote nimefundisha madrasa kwamba kutoa salamu ni suna na kuijibu ni wajibu. Siku hiyo nilijifanya sikusoma.

Kwenye kona nikakutana na jirani yangu. Tuligombana juu ya masale, ile mimea ya kuonyesha mpaka wa mashamba yetu, akahamia msikiti wa ng'ambo, na tangu hapo hakuwahi kunisalimia. Naye alishika dumu, tupu, amelifunika kwa koti. Akalitazama langu lililojaa, akasimama katikati ya njia.

"Asalaam aleikum, mwalimu."

Niliufikiria mkeka. Nikaifikiria na ile miaka tuliyopishana kimya.

"Waaleikumu salaam warahmatullahi."

"Basi yameharibika hayo," akasema, akicheka. "Nilitaka nione utashika kitabu au dumu."

"Ya chai bado yanafaa. Twende."

Akageuka, akanipokea dumu, tukapanda mlima akiyalalamikia magoti yake mpaka mlangoni. Mke wangu alituchemshia chai, akasema hajaona maji yanayosemesha watu kiasi hicho.

Goti halijapona. Ijumaa jirani alirudi msikitini kwetu, akavuta kiti, akakiweka kando ya changu. Alhamdulillahi, ingawa anakoroma wakati wa hotuba.