Zena na Msandarusi wa Ruvu

Mama yangu, Zena binti Kondo, alizaliwa Masaki, upande wa Kisarawe, si muda mrefu baada ya Waingereza kuchukua nchi kutoka kwa Wajerumani. Baba yake, Mzee Kondo, alikuwa mchonga mitumbwi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, wala hakuona aibu kuingia msituni na binti yake. Alimfundisha miti kama wengine wanavyofundisha watoto ukoo: huyu ni shangazi yako, yule si wetu.

Mti aliouheshimu kuliko yote ni msandarusi. Mama alipotusimulia habari zake alikuwa akifumba macho, kama anayeuona. Jani lake ni pacha, vipande viwili vilivyoshikana kwenye kikonyo kimoja mfano wa ukwato wa mbuzi. Gome la kijivu. Tunda lina vinundu kama mgongo wa chura. Ukilikwangua gome, unatoka utomvu, na utomvu huo ukiutia kwenye makaa hunukia kama ubani.

"Lakini jani lisikudanganye," Mzee Kondo alimwambia. "Upo mti mwingine wenye jani pacha. Mimi nauita mwongo. Hauna utomvu, na ukikauka hupasuka. Ukiwa na shaka, nusa."

Mama aliolewa Mlandizi na baba yangu, Mwinyimadi, aliyekuwa akivusha watu katika mto Ruvu. Mimi, Mwanahalima, nilikuwa bado wa kubebwa mgongoni mafuriko ya masika yalipochukua mtumbwi wa baba. Wakati huo Mzee Kondo alikwisha fariki. Baba akaenda msituni na rafiki yake Husseini, wakaangusha mti wenye jani pacha, wakaanza kuuchonga palepale.

Mama aliwapelekea chakula. Akaokota kibanzi, akakinusa.

"Baba Mwanahalima, huu si msandarusi."

Baba hakuinua macho kutoka kwenye tezo aliyochongea. "Jani nimeliona mwenyewe."

"Jani ndilo. Harufu siyo."

Husseini akacheka kidogo, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana baba asingeweza kurudi nyuma mbele ya rafiki yake. "Rudi nyumbani, mke wangu," alisema. "Jua kali, na mtoto huyo mgongoni." Mama akarudi.

Mtumbwi ulikaushwa kivulini ukaonekana mzima. Siku ya kwanza mtoni, baba alimpakia bibi mmoja aitwaye Mwanamvua, na mikungu yake ya ndizi. Walipofika katikati ya maji, ufa ulifunguka kutoka nyuma hadi mbele. Mto ule una mamba. Baba alimshika yule bibi kwa kanga yake, akaogelea naye mpaka ukingoni. Walitoka salama, ila ndizi zilikwenda na maji.

Alirudi nyumbani amelowa, akakaa kizingitini mpaka chakula kikapoa.

"Kesho utanionyesha," alisema mwishowe.

"Kula kwanza," mama akamjibu.

Askari wa msitu aliwapa ruhusa ya kukata mti mmoja. Mama akawa anapita shina hadi shina, anakwangua, ananusa, anasonga mbele. Misandarusi mingi mikubwa ilikuwa imekwisha katwa. Jua lilipokuwa limepanda sana, alifika kwenye mteremko wenye mashimo ya zamani, ambako watu walikuwa wakichimba sandarusi, utomvu wa kale ulioganda ardhini, enzi za mababu. Hapo ulisimama mmoja, mnene, umenyooka. Mama akaketi chini yake.

"Sio huu?" baba akauliza.

"Ndio huu. Ndiyo maana nimekaa."

Akamwambia kwamba baba yake alizoea kupumzika pale, akichoma utomvu kufukuza mbu, na kila mara alikuwa akisema, "Huu tuuache uzae." Mama alisema alimwona kabisa mzee, na kofia yake ya ukindu, na magoti yake yenye vumbi la mbao.

"Basi tutafute mwingine," baba akasema. Wala hakusema kwa kuchoka.

Mama aliinuka akazunguka shina, akipekua majani makavu kwa mguu. Kote kulikuwa na miche, mingine ya kufika kiunoni, yote ina jani pacha. Alikwangua kidogo gome la mmoja, akanusa, akapita kwa mwingine. Alikuwa analia taratibu.

"Umeshazaa," alisema. "Kata, ila uangukie kule, usiiponde."

Ulipokwisha kuchongwa, vijana wa Mlandizi waliuburuta mtumbwi hadi mtoni kwa kamba na magogo, wakiimba, na Bibi Mwanamvua alikuwa wa kwanza kuomba kupanda. Ulivusha watu mpaka mimi nikaolewa. Abiria wakiusifu, baba alikuwa akisema, "Mimi navusha tu. Mti alichagua Mama Mwanahalima." Mama akiyasikia hayo, jioni hiyo chai ya baba ilikuwa na sukari zaidi.