Uzi wa Aziza Si Kamba ya Magunia

Tangu aolewe na Iliasi hapa Kasongo, Aziza hajatupa uzi. Hufuma kofia za wanaume wa msikitini na soksi za vichanga, na sufu inayobaki huizungusha kuwa donge, akaitia kapuni. Donge jeupe ni la kofia aliyomfumia marehemu baba yake. La manjano lilibaki kwenye nguo ya kwanza ya bintiye Malaika. Hata lile dogo kama yai la njiwa lina habari yake.

Malaika, aliyeolewa Salamabila, alipotuma habari kwamba ana mimba na atakuja kujifungulia kwa mama yake, Aziza alisema mjukuu atapokelewa kwa blanketi la nyuzi hizo, si la dukani. Katika simu ya jirani aliona ufumaji unaoitwa wa Kitunisia: ukienda unakusanya vitanzi vyote kwenye kulabu ndefu, ukirudi unaviachilia kimoja kimoja. Kulabu ya namna ile hakuiona sokoni. Akachonga ya mwanzi, akailainisha kwa kigae cha chupa. Mara ya kwanza kitambaa kilijikunja kama jani lililopigwa na jua. Akafumua, akalegeza mkono, akaanza tena. Kikatulia, kikawa kizito na kizuri, mpaka akawa anakipapasa kila akipita.

Asubuhi moja alirudi kutoka kisimani akakuta kulabu iko mkekani, tupu. Kapu nalo tupu.

"Nani ameshika kazi yangu?"

Mama mkwe wake, Bi Fatuma, alikuwa akipepeta mchele. "Si ni Amisi, shemeji yako. Kamba ya kushona magunia ilimuishia. Alivuta kale kafimbo, uzi ikatoka yenyewe." Akacheka. "Usinune, mwanangu. Shemeji ni utani."

Utani! Amisi amekula sahani ya kaka yake, utani. Amemwita Aziza bibi yake, yaani mkewe, mbele ya wageni, utani. Miaka yote Aziza alicheka, kwa sababu mwanamke asiyecheka na shemeji husemwa ana roho mbaya. Leo kicheko hakikuja. Alichukua kulabu akatoka hata bila kubadili kitenge.

Kwenye kituo cha pikipiki Amisi alikuwa akipakia mchele wake wa kwenda Salamabila. Midomo ya magunia ilikuwa imeshonwa kwa sufu nyeupe, manjano na nyekundu.

"Angalieni, bibi yangu amekuja kuniaga!" Amisi akapaza sauti. "Shemeji, umeniletea chakula ya njiani?"

Madereva wakacheka.

"Amisi, rudisha uzi yangu."

"Ile mabaki? Nitakuletea mpya, nyekundu kama midomo yako!"

Wakacheka zaidi. Aziza akangoja wamalize.

"Ile nyeupe ni ya kofia ya baba yangu, na ilikuwa ya kufunika mutoto wa Malaika. Ungeniomba, ningekutafutia kamba. Hukuomba, kwa sababu ulijua nitacheka tu. Sicheki."

"Lakini shemeji, ni utani..."

"Ulitania na nani? Mimi sikuwako."

Akaingiza kulabu chini ya mshono wa kwanza, akavuta. Gunia likafungua mdomo, mchele ukamwagikia miguu ya dereva.

"Mama, unamwaga chakula ya watu!"

"Basi shikeni gunia."

Wakalishika. Hakuna aliyecheka tena. Amisi akatazama huku na huku kutafuta wa kumsaidia. Akachuchumaa kwenye gunia la pili, akaanza kutoa uzi mwenyewe, polepole, asiukate.

"Na tutafikaje Salamabila na magunia wazi?" dereva akauliza.

"Muulize mwenye mchele," Aziza akasema.

Amisi akaenda kutafuta kamba. Uzi ulikuwa umekwisha katwa vipandevipande kwenye kushona, umejaa pumba. Aziza akaukung'uta, akaketi pale pale juu ya tofali, akaunga nyeupe na manjano, akaanza mstari wa kwanza. Amisi aliporudi alizunguka ili asimkanyagie uzi.

"Unisamehe, Mama Malaika," akasema. Hakumwita shemeji.

Aziza alikuwa akikusanya vitanzi. "Unga ile nyekundu," akasema bila kuinua uso.